Pumzi ya Bi Nyamizi

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Fundi Mrisho, mwenye mashine ya kunasia sauti. Kisanji, dereva wetu, mzaliwa wa Nzega, aliyebaki nje akiziba pancha. Bi Nyamizi, mwenye wimbo. Kalunde na Mlekwa, majirani zake, waitikiaji. Katibu wa kijiji, aliyetupokea akaondoka kabla hatujawasha mashine. Na mimi, Mwanahawa binti Juma wa Gongoni, mshika daftari. Palikuwa na jogoo pia. Kalunde alimfunika kwa tenga asituharibie kazi.

Nimeanza na majina kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kufungua tepu. Fundi Mrisho hakukubali wimbo wala neno linaswe kabla ya kutajwa kila aliyepo. "Tepu isiyo na majina ni maiti isiyo na ndugu," alikuwa akisema. Ninyi wanafunzi wa habari wa siku hizi majina mnayaweka mwishoni, yanapita mbio kama treni isiyosimama Igalula. Sisi tuliyaweka mbele.

Sasa sababu ya kuwaandikia. Rukia, mjukuu wa mdogo wangu Tatu, yuko darasa lenu. Mliambiwa kila mmoja achukue wimbo wa zamani uliowahi kupigwa redioni, auchambue, kisha autengenezee video. Rukia akachagua wimbo wa kambi wa Bi Nyamizi, akaja kunionyesha kwenye simu. Video nzuri. Wasichana wanatembea kwa mstari kwenye njia ya vumbi, mizigo kichwani, kanga zinapepea. Wimbo ulipofika mwisho nikamwuliza, "Ile pumzi iko wapi?"

"Pumzi gani, bibi? Ile kelele? Nimeifuta."

Nikamwambia airudishe. Akairudisha, nadhani kwa kunihurumia. Mwalimu wenu akampunguzia alama na kuandika pembeni kwamba sauti haijasafishwa mwishoni. Naambiwa tangu hapo mnamwita Rukia Pumzi.

Basi mcheke mkijua. Pumzi ile niliiacha mimi kwa wembe. Na kilichokuja baada yake nilikipoteza mimi.

Sikuisomea kazi hii. Shule niliiacha darasa la sita. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa mshona nguo pale Kanyenye, na cherehani yenyewe haikuwa yake. Wenyewe waliifuata siku ya tatu ya msiba. Nikabaki na Saidi wa miaka saba, na Tatu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea. Shangazi alitaka kutugawa, kila mtoto nyumba yake. Nikamwambia hatugawanyiki. Nilisuka mikeka, nikapika vitumbua, na siku moja nikaenda kuomba kazi ya kufagia kwenye ofisi ndogo iliyokuwa ikinasa nyimbo vijijini na kuzipeleka Dar es Salaam kwa treni, zipigwe redioni.

Fundi Mrisho alinikuta nimeacha ufagio, nimesimama nyuma yake naangalia mikono yake. Alikuwa anaunga tepu.

"Unaangalia nini, binti Juma?"

"Hiyo ni kama ukili, Fundi."

"Ukili gani?"

"Wa mkeka. Na sisi tunaukata mshazari, kiungo kisiachie."

Akanipa wembe. Nilikaa kwenye kiti cha kuungia tepu miaka mingi kuliko niliyokaa na wazazi wangu.

Ninyi mnakata sauti kwa kidole, ukikosea unarudisha. Sisi ukikosea umekosea. Tepu ni utepe mwembamba wa kahawia. Sauti imelala juu yake huioni. Unauvuta kwa mkono taratibu mbele ya kichwa cha mashine, sauti inanguruma kama ng'ombe mgonjwa, unatafuta mahali neno linapoanzia. Unatia alama kwa penseli nyeupe, unakata, unaunga kwa gundi, unaomba Mungu. Betri zikichoka, unazianika juani kama dagaa, zinakupa robo saa nyingine. Ngoma unaiweka mbali, hata mpigaji akinuna. Na mwimbaji unamwacha aimbe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza anaiimbia mashine. Mara ya pili anajiimbia mwenyewe, na hiyo ndiyo unayoitaka.

Makosa nilifanya ya kutosha. Nimewahi kuigeuza hotuba ya kiongozi mmoja wakati wa kuunga, nusu yake ikasikika kinyumenyume. Fundi Mrisho alikaa akaisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu. Halafu akasema, "Leo ndiyo nimemwelewa." Kisha akanifanya niirekebishe mpaka saa ya kufunga ofisi, na mshahara wa siku ile sikuudai.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: usikate kabla ya pumzi. "Pumzi ni mali ya msemaji," alisema. "Ukimnyang'anya, anayesikiliza anakabwa naye." Ndiyo maana nyimbo zetu zote mwishoni mnamsikia mtu akivuta hewa. Hiyo si kelele. Hapo ndipo mtu alipokuwa amefika.

Ulikuwa wakati ule watu wanahamishwa kutoka vitongoji vyao kwenda vijiji vipya vya kando ya barabara. Fundi alikuwa na haraka. Alisema watu wakichanganyika na nyimbo zitachanganyika, tunase kila kitu mahali pake kabla ya magari kuja. Ndivyo tulivyofika kwa Bi Nyamizi, nyuma ya stesheni ya Igalula, mwendo wa saa mbili kwa mguu kama gari likigoma, na siku ile lilipata pancha mara mbili. Vyungu vyake vilikuwa vimeshafungwa kwa kamba, tayari kwa safari. Alikuwa mzee sana, mdogo wa umbo, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo sanduku linakula nini?"

"Linakula betri," Fundi akajibu.

"Afadhali yake. Mimi nakula mlenda tangu juzi."

Baba yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba pembe za ndovu kichwani kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Wimbo ulikuwa wake. Unataja kambi moja baada ya nyingine, na katika kila kambi kiongozi anatua mzigo, anaita watu wake kwa majina, nao wanaitika. Bi Nyamizi alitueleza kwa Kiswahili cha mjini alichojifunza sokoni: "Asiyeitika, wanajua amebaki njiani. Jina lake linaitwa tena kambi ya pili, na ya tatu. Baada ya hapo haliitwi."

Fundi alifurahi kama mtoto. Akasema, "Unaona, binti Juma? Majina kwanza."

Kabla hatujaanza bibi aliuliza swali moja. "Sauti hii itafika Tanga?"

"Itafika mpaka baharini," Fundi akasema.

"Kwenye mashamba ya mkonge?"

"Huko ndiko wanakosikiliza redio kuliko sisi."

Bibi akamwambia Mlekwa ampe kibuyu cha maji, akakipakata.

Aliimba mara mbili. Ya pili, wajukuu zangu, ndiyo hiyo mnayoisikia. Kalunde na Mlekwa waliitika kama vile wamebeba mizigo kweli, na mimi niliyezaliwa mjini nilisikia miguu. Jina la mwisho likaitwa. Halikuitikwa. Bi Nyamizi akavuta pumzi ndefu, akanywa maji, akajaza kinywa, akainama, akaipulizia maikrofoni.

Fundi Mrisho alivua hedifoni akazitupa. "Yalaa, bibi, umeniulia maikrofoni."

Kisanji aliingiza kichwa mlangoni, spana mkononi, akamwona Fundi uso umelowa. "Fundi, leo umebatizwa."

Nilicheka. Nalitamka hili wazi kwa sababu ni haki yenu kulijua: nilicheka mpaka nikafunika mdomo kwa daftari. Bi Nyamizi hakutuangalia. Alikuwa bado ameinama, midomo imegusa maikrofoni, anasema kwa sauti ya chini, kama unavyomnong'oneza mtoto sikioni asiamke mwenzake. Magurudumu ya tepu yalikuwa yanazunguka. Kalunde na Mlekwa hawakucheka, walitazama chini. Nilidhani wanamwonea aibu.

Alipomaliza aliinuka akafuta kinywa. Fundi akafuta maikrofoni kwa shati lake huku akinung'unika, tukafunga vitu. Wakati wa kuaga, bibi alinishika mkono.

"Mwanangu, yote yaende. Usiache."

"Yataenda, bibi."

Nilimjibu hivyo, kama unavyomjibu mzee yeyote anayekuaga.

Ofisini kanuni ilikuwa kwamba wimbo unakwenda peke yake. Mazungumzo na salamu vilikuwa na kazi yake nyingine. Nikautafuta mwisho wa wimbo kwa mkono, nikairudia sehemu ile mara mbili nipate pa kukata: pumzi, mchirizo wa maji, kisha maneno. Kinyamwezi changu kilikuwa cha sokoni, cha bei ya kuku na hujambo. Nilitambua neno moja tu, jina la mtu, Masanja. Alilitaja mara tatu. Mengine yalipita chini chini, haraka, kama maji chini ya majani.

Nikakata baada ya pumzi. Kipande kilichobaki, urefu wa kama pima tatu, nilikitundika kwa kibanio kwenye kamba ya dirishani na kukiandikia karatasi: *maji, maneno, hayajaeleweka*. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Fundi. Maneno ambayo hayajaeleweka hayatupwi mpaka mwenye lugha ayasikie. Mwenye lugha wetu alikuwa Kisanji, lakini Kisanji na gari walikuwa wamechukuliwa kwenda kusaidia kubeba vyombo vya watu waliokuwa wanahama. Kwa hiyo kipande kikasubiri.

Sasa ndege.

Tulikuwa na kipande cha mpunga mbugani, nyuma ya Gongoni, mimi na wadogo zangu. Mpunga ule ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka. Usipovunwa, tunarudi kwa shangazi, na shangazi anatugawa. Mwaka ule walikuja kweleakwelea kama moshi. Saidi na Tatu walishinda mbugani na makopo na makombeo mpaka sauti zikawakauka. Mtu mmoja wa hapo jirani alinionyesha dawa: utepe wa tepu ukiuvuta kutoka mti hadi mti, upepo ukipita, unalia. Unatoa mlio kama nyuki wakubwa. Ndege hawakaribii.

Ofisini tulikuwa na sanduku la vipande vya kutupwa. Fundi aliniambia chukua vyote. Nikavichukua. Havikutosha; upande wa magharibi ulibaki wazi. Siku ya pili Saidi alikuja ofisini miguu imejaa tope.

"Dada, wanaingilia upande ule mwingine. Nusu wameshamaliza."

Nikaangalia kamba ya dirishani. Palikuwa na vipande vinne au vitano. Kisanji hajarudi, na hakuna aliyejua atarudi lini. Nikabandua karatasi, nikavikunja mkononi kama ukili, nikampa mdogo wangu. Tatu ndiye aliyevifunga. Hata leo anakumbuka alivyopanda mti.

Mpunga uliokoka. Tulikula mwaka mzima. Jioni nilikuwa nakaa kandokando ya shamba nasikiliza ule utepe ukilia na kuona ni muziki mzuri.

Wimbo ulikwenda Dar es Salaam, ukapendwa. Ulipigwa asubuhi, ukapigwa mchana watu wakila. Niliusikia dukani Kanyenye, nikawaambia watu hiyo nimeikata mimi, nao wakasema, sasa hata kukata ni kazi? Hivyo hivyo miaka ikapita, minne au mitano. Kisanji aliporudi na gari, hakuna aliyemkumbusha kuhusu karatasi ya dirishani, kwa kuwa haikuwepo tena.

Ndipo akaja mtu. Mrefu, mikono ina makovu ya miiba ya mkonge, koti lake limekunjwa vizuri begani. Alisimama mlangoni mpaka akakaribishwa.

"Nasikia hapa ndipo mlipomnasa mama yangu."

"Mama yako nani?" nikamwuliza.

"Nyamizi. Mimi ni Masanja."

Lile jina lilinishtua kabla sijajua kwa nini.

Alikaa kwenye benchi akatusimulia mimi na Fundi, taratibu. Baba yake alikuwa mrina asali. Mwaka mmoja wa kiangazi Masanja alitumwa kuchoma majani kuzunguka mizinga, ili moto wa porini ukija usiifikie. Alichoma, akaacha moto haujazimika vizuri, akaenda ngomani. Upepo ukageuka. Baba yake aliingia kuiokoa mizinga yake, hakutoka mzima. Kwenye mazishi, mbele ya watu, mama alimwambia mwanawe, "Maji ya mkono wangu usiyanywe tena." Kesho yake alfajiri Masanja alipanda treni, akaandikishwa kwenye mkonge, hakuandika barua wala hakutuma salamu.

"Halafu nikamsikia redioni," akasema. "Kantini, wenzangu wanakula. Nikajua ni mzima. Nilijipa moyo mwaka, nikajipa moyo mwaka mwingine. Nimefika nimekuta kaburi lina miezi minane."

Fundi akasema pole.

"Mlekwa ameniambia mama aliniongelesha kwenye mashine. Alinipulizia maji. Mlekwa na Kalunde waliona, hawakusikia ila jina langu, alisema na mashine peke yake. Na Kalunde ameshafariki. Basi nimekuja kusikia."

"Maji yale yalikuwa ya nini, bwana Masanja?" Fundi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

"Kwetu mzazi akikupulizia maji ya kinywa, anakufungua. Au anakufunga kabisa, asikutaje tena mpaka kufa. Maji ni yale yale. Neno linalofuata ndilo linaloamua." Akanigeukia. "Nataka hilo neno tu, dada. Hata likiwa baya."

Nilimweleza yote. Sikuficha ndege, wala mpunga, wala kicheko. Nilipomaliza akauliza, "Wewe ulilisikia?"

"Mara mbili."

"Basi liko kwako."

Kwa siku sita alikuja kila asubuhi akakaa kwenye benchi lile. Alinifumbisha macho, akaniambia nitoe nilichosikia, hata kama ni milio tu, yeye atayapata maneno. Nilijaribu. Jina lake nilikuwa nalo, na kupanda kwa sauti baada ya jina la pili, na kushuka baada ya la tatu. Katikati palikuwa na shimo. Alinitajia maneno ya kusamehe: hivi? Alinitajia maneno ya kukataa: au hivi? Yote yalilia sawa masikioni mwangu. Nilijichukia kwa ile lugha ya bei ya kuku.

Nilikwenda mbugani na Saidi, wakati huo kijana mkubwa. Tepu zilikuwa zimekwisha siku nyingi, lakini tulipata kiota cha mnana kinaning'inia juu ya maji, ndege wameufuma utepe pamoja na majani, ufumaji mzuri kuliko wangu. Nilikifumua usiku kucha, nikaunganisha vipande, nikavipitisha kwenye mashine asubuhi Masanja akiwa pembeni. Ulitoka mvumo, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo, mpaka mwisho. Jua na mvua vilikuwa vimeshaimaliza sauti. Nami nikawa nimebomoa nyumba ya ndege bure.

Siku ya sita Fundi aliniita nje.

"Binti Juma, mwambie amesamehewa. Utapungukiwa nini?"

"Sijui kama amesamehewa."

"Mama gani anamwekea mwanawe laana kwenye redio, aisikie nchi nzima? Tumia akili."

"Na kama ndiyo?"

"Kama ndiyo, anayejua yuko kaburini. Mpe mtu huyu alale."

Nilifikiri Fundi ana haki. Mimi mwenyewe nimelea watoto kwa maneno ambayo sikuwa na hakika nayo: mama anawaona, baba anafurahi. Nikaingia ndani, nikakaa mbele ya Masanja, nikasema nimekumbuka. Aliinua mkono kabla sijamaliza.

"Dada, usinipe la kwako. Nipe la mama."

Hakusema kwa hasira. Akavaa koti, akatushukuru kwa kumkaribisha, akaondoka.

Hakurudi kwenye mkonge. Alikaa Igalula, akibeba mizigo ya abiria pale stesheni, kama babu yake alivyobeba. Kwenye nyumba ya mama yake katika kijiji kipya hakuwahi kulala, na Mlekwa aliniambia kwamba hata mtungi wa mle ndani hakuugusa. Maji alikunywa ya bomba la stesheni. Kila nilipopita kwa treni nilishuka kumsalimu. Aliniuliza neno moja: "Bado?" Nikamjibu, "Bado." Akanibebea mzigo wangu mpaka mlangoni mwa behewa, hata kama ni kikapu cha mikate. Mara moja redio ya duka pale stesheni ikaupiga ule wimbo tukiwa tumesimama. Aliuweka chini mzigo wa watu, akasimama wima mpaka jina la mwisho lisiloitikwa, mpaka pumzi. Kisha mtangazaji akaanza kusema habari za mbolea, naye akajitwika tena.

Fundi Mrisho amefariki. Kisanji amefariki, na Mlekwa. Masanja naye, miaka mingi sasa. Sikupata habari mpaka nilipoteremka Igalula na kikapu changu nikakuta mtu mwingine anabeba. Katika waliokuwepo mashine ilipowashwa nimebaki mimi. Aliyenidai hayupo, lakini nilimwambia mama yake "yataenda", na hayajaenda.

Sikuwaandikia mwone huruma. Nawaomba kitu. Wengine wenu mnatoka Nzega, mnatoka Uyui, Kinyamwezi mmezaliwa nacho. Njoni kwangu Gongoni, Rukia anapajua. Nitafumba macho niwape kilichobaki masikioni: jina, kupanda, jina, kushuka. Huenda yupo mmoja atakayesikia pale ambapo mimi nasikia shimo. Na mkija, msinipe la kwenu.

Juzi Rukia alikuja na simu, akaniwekea ile video kama inavyotakiwa. Wasichana wakatembea, kambi zikatajwa, jina la mwisho likaitwa, kimya. Bi Nyamizi akavuta pumzi. Nikafungua kinywa, kama ninavyofanya kila mara, ili nimmalizie. Hakuna kilichotoka.

"Turudie, bibi?" Rukia akauliza.

Nikamwambia turudie.